Bei ya Kitanda

Mume wangu hajui kukaa. Ukimkuta ameketi, ujue mguu mmoja unacheza chini ya meza na chai ya kila mtu inatetemeka. Anakula amesimama, anaongea na simu huku akizunguka, na kinyozi wake alishamwambia kwamba asipotulia siku moja atatoka pale na sikio moja. Nilipoolewa naye nilidhani ni ujana, utapita. Haukupita. Ulipata biashara, ukanenepa.

Yeye ni fundi seremala, na simsifii kwa sababu ni wangu: kitanda akikiunga yeye, hakilii hata umlalishe nani. Kwa miaka mingi aliunga vitanda hivyo kwenye karakana ya mzee mmoja ambaye mji mzima unamwita Bosi, hata watu ambao hajawahi kuwaajiri. Bosi ana uwanja mpana kando ya barabara kuu, ana mashine za kupasua na kuranda, ana lori lake mwenyewe la kubebea mbao. Mume wangu alikuwa fundi wake wa kwanza kwa sifa na wa mwisho kwa mshahara, na kila jioni alirudi na wimbo uleule: leo nimeunga vitanda viwili, Bosi kauza kwa bei hii, mimi kanipa hiki, kingine chote kimekwenda wapi? Mimi wakati huo nilikuwa nashona mapazia na foronya za watu kwenye kona ya sebule, namsikiliza kwa sikio moja. Siku moja akarudi mchana kweupe, akatua sanduku la vifaa mlangoni na kuniambia ameacha kazi. Alikuwa anacheka. Mimi nilimwagia chai pazia la mteja.

Tukakodi kibanda cha mabati, upande mmoja ukuta wa jirani, upande wa nyuma bati lililolegea. Nikahamishia cherehani yangu pale, nikawa nashona vichwa vya vitanda, yaani sponji, kitambaa na vifungo vilivyopangwa kama nyota. Nilikaa mbele kabisa kwa sababu cherehani inataka mwanga. Sikujua kwamba kwa kukaa mbele nilikuwa nimejiajiri kazi nyingine, na nitaieleza.

Bei tuliipanga siku ya kwanza, tukiwa wima, kabla hata ya kufagia. Alisema Bosi anauza kitanda kwa kiasi fulani, basi sisi tupunguze kidogo, watu watakuja. Nikamuuliza, na mbao je? Akasema mbao ni mbao. Nikamuuliza, na kodi ya kibanda, na kazi yangu ya vifungo, na wewe mwenyewe utajilipa nini? Akanitazama kwa huruma. Fundi mwenye karakana yake hajilipi, alisema, anakula faida. Nikakubali, kwa sababu alisema kwa uhakika wa mtu aliyeunga vitanda maisha yake yote, na mimi nilikuwa mtu wa foronya.

Kusema kweli watu walikuja. Walikuja hadi tukakosa pa kupita. Na kila aliyekuja alitoa advansi, kama ilivyo kwa mafundi wote: unaleta nusu, fundi ananunua mbao, unamalizia siku ya kuchukua mzigo. Ndiyo sheria, kwenye makaratasi. Kibandani kwetu advansi ya huyu ilinunua mbao za yule aliyetangulia, na ya yule ilikuwa imeshanunua gundi na misumari ya mwingine kabla yake. Mafundi wote wanafanya hivyo, aliniambia, hata Bosi alianza hivyo. Kwa hiyo kila mara tulikuwa nyuma kwa mteja mmoja. Mteja akitokea kona ya barabara, mume wangu anainua lile bati la nyuma na kuyeyuka, na mimi nabaki na uso wangu. Nilisema ametoka sasa hivi. Nilisema amefuata bawaba. Kuna siku nilisema amepeleka mtoto hospitali, halafu mtoto mwenyewe akaingia anaomba hela ya daftari. Nilitamani cherehani inimeze.

Kilichoharibu zaidi ni semina. Jumamosi moja alikwenda kwenye mkutano wa wajasiriamali wapya, ukumbini, bure, na kijana aliyevaa tai inayong'aa akawaambia kwamba hela haitakiwi kulala. Mume wangu hakuwahi kusikia maneno matamu kama hayo. Mtu asiyejua kulala mwenyewe aambiwe hela yake nayo isilale! Tangu siku hiyo noti ikiingia kibandani inatafutiwa safari. Tulifuga kuku, kuku wakapata mafua wakaisha. Tukanunua nusu ya pikipiki na shemeji yangu, na hadi leo sijaelewa nusu yetu ilikuwa ya mbele au ya nyuma. Halafu ukaja mpango wa kiwanja.

Hapo siwezi kumtupia yeye lawama zote. Kiwanja nilikitaka mimi. Tulikinunua kwa awamu kutoka kwa bwana mmoja anayepima na kuuza, na siku tuliyokwenda kukiona nilisimama kwenye nyasi, mteremko kidogo, kichuguu pembeni, nikajua jiko langu litakaa wapi. Nyumba tunayopanga, mama mwenye nyumba aligonga ukuta kila nilipoendesha cherehani pale sebuleni, na akichoka kugonga alipitisha maneno dirishani. Nimemlipa kodi miaka yote hiyo na bado najiona mgeni ninapoanika nguo. Kwa hiyo mume wangu alipoanza kuchota hela ya kibanda na kupeleka kwenye awamu za kiwanja, sikuuliza ilikuwa hela ya kitanda cha nani. Niliambiwa ni faida, nikaamini kwa moyo mkunjufu kabisa.

Na faida ilionekana ipo, kwa sababu ya yule bwana wa pikapu. Huyu alikuwa mteja ambaye kila fundi anamwombea kwa Mungu. Alikuja na pikapu ya bluu, mpole, maneno machache, anatazama vitanda vilivyokwisha, anachukua viwili au vitatu kwa mpigo, analipa taslimu bila kuomba punguzo. Haombi punguzo! Mume wangu alimwita mteja wangu wa dhahabu. Alisema pengine ana nyumba za kulala wageni huko mbali. Pikapu ikisikika tu, kazi zote zinasimama, kitanda cha mtu aliyelipa advansi tangu mwezi uliopita kinapakiwa kwenda kwa bwana wa pikapu, kwa sababu hela yake inakuja yote kwa pamoja. Mwenye kitanda naye anaambiwa vanishi haijakauka.

Katikati ya hayo ndipo alipoingia Mwalimu.

Mwalimu ni mama mtu mzima, alikuwa mkuu wa shule ya wasichana hadi alipostaafu. Alitaka kugeuza nyumba yake kuwa hosteli ya wasichana wa chuo, na vitanda alivyotaka ni vile vya ghorofa, kimoja juu ya kingine, imara, visivyoyumba. Alitaka vya nyumba nzima. Mume wangu akamtajia bei yetu, Mwalimu akainua macho, akaitaja tena kana kwamba hakusikia vizuri, kisha akafungua mkoba na kulipa karibu yote siku hiyohiyo. Hela ya kiinua mgongo. Alichotaka kwetu ni kitu kimoja, vitanda viwepo kabla chuo hakijafunguliwa, kwa sababu wasichana walishamlipa kodi ya muhula na yeye alishaitumia kupaka rangi na kuvuta maji. Mume wangu akamwambia asiwe na wasiwasi hata kidogo. Wiki ile awamu ya kiwanja ililipwa kabla ya tarehe, mara ya kwanza na ya mwisho.

Wengine wakija kudai hupiga kelele, na kelele nimezizoea, zinapita. Mwalimu hapigi kelele. Anakuja, anaketi kwenye kigoda changu, anaomba maji ya kunywa, anatazama kibandani taratibu kama anayesahihisha mtihani. Anauliza habari za watoto. Kisha anauliza, "Mwanangu, wale wasichana watalala wapi?" Na mimi, ambaye nimewadanganya watu wazima na akili zao, nilishindwa kusema ametoka sasa hivi. Mara ya tatu alipokuja nilimwambia mume wangu kwamba bati la nyuma nimelipiga misumari. Sikuwa nimelipiga, lakini aliamini, akalitazama tu bila kulisukuma.

Wiki mbili zikabaki chuo kifunguliwe, na kibandani hakukuwa na ubao hata mmoja wa kitanda cha Mwalimu. Mwenye duka la mbao alikuwa amekataa katakata kutukopesha tena. Mume wangu akawa haishi kutembea. Anakwenda hadi barabarani, anarudi, anashika msumeno, anauweka, anapima meza ambayo haijaagizwa na mtu. Nikimwambia akae ananiambia anafikiri. Nikimuuliza anafikiri nini ananiambia nisimkatishe. Mimi nilikuwa na woga wangu wa wazi: Mwalimu angekwenda polisi, na hata asipokwenda, mama aliyestaafu angewarudisha wasichana kwao na hela yao hana. Hilo la pili lilinitesa kuliko la polisi.

Mwishowe akasema atakwenda kwa Bosi kuomba mbao za mkopo. Alilisema hilo akiwa amenipa mgongo. Siku aliyoacha kazi alikuwa amewaaga wenzake kwa maneno makubwa, kwamba watakuja kumwomba kazi, na sasa anarudi kuomba ubao. Akaniomba nimsindikize. Alisema mbele ya mwanamke Bosi hawezi kumtukana sana.

Tulifika asubuhi. Uwanja wa Bosi ulikuwa umejaa harufu ya mbao mpya na kelele za mashine, na mbele, chini ya turubai, vitanda vya kuuza vilipangwa mstari na vibao vidogo vya bei. Mume wangu alikwenda moja kwa moja kuulizia ofisini. Mimi nikabaki nazungusha macho, si unajua mtu wa kazi akiona kazi ya mwenzake lazima aikague. Kitanda cha tatu kilikuwa na kichwa cha kitambaa cha zambarau, vifungo kama nyota. Nikakisogelea. Chini kabisa, kwenye pembe ambayo godoro linaficha, kulikuwa na kifungo kimoja cha rangi nyingine.

Kifungo hicho nilikiweka mimi. Vya zambarau viliniishia, nikaweka cha kahawia mahali ambapo hakuna atakayeona, nikajiapiza kufunga mdomo. Nikatazama kitanda cha pili yake, nikaona mishono yangu. Cha nne, mishono yangu. Nikasoma kibao cha bei, bei iliyopita yetu kwa mbali, nikakaa juu ya kitanda nilichokishona mwenyewe. Mume wangu aliporudi akanikuta hapo. Nilimwonyesha kifungo. Akainama, akapitisha kidole kwenye kiungo cha mguu wa kitanda, mahali anapoficha skurubu kwa kipande cha mti kilichochongwa, kisha akakisoma kibao. Akasoma tena. Pikapu ya bluu ilikuwa imeegeshwa kando ya lori.

Bosi akatoka na kikombe mkononi, mzee mfupi, mtulivu, hana hata aibu usoni. Alitukaribisha. Akaagiza viti. Mume wangu hakukaa, na safari hii sikumlaumu.

"Ndiyo, ni vyako," Bosi akasema. "Nilimtuma dereva aangalie unauzaje. Aliporudi na ile bei nikadhani amesikia vibaya. Nikamwambia akanunue kimoja tuone. Fundi wangu, ile bei uliyochukua hapa kwangu ni ya mwaka ule ulipoondoka. Mbao zimepanda mara ngapi tangu hapo? Mimi nanunua kwa lori zima, na bado siwezi kukiunga kwa bei unayoniuzia wewe. Kwa hiyo nikaacha kuunga. Nanunua kwako."

Nilisikia masikio yanawaka. Nikamuuliza kama alikuwa anamwona mtu anazama na yeye anaendelea kuchota. Sikuuliza kwa adabu. Bosi akanywa chai kwanza.

"Mama, mimi mfanyabiashara. Nilisema huyu kapata mbao za bure mahali, au ana akili nisiyoijua. Angekuja kuniuliza ningemwambia. Nimemsubiri mwaka mzima aje aulize."

Ubaya ni kwamba nilimwamini. Nilimchukia na nikamwamini, yote mawili kwa pamoja, na hadi leo sijaweza kuyatenganisha. Mume wangu aliuliza swali moja tu, ubao mmoja sasa hivi Bosi anaununua kwa ngapi. Akajibiwa. Akashukuru, akaaga, akasahau kabisa kuomba mkopo uliotupeleka.

Njiani alitembea haraka hadi ikabidi nimshike shati. Tulipofika kibandani akachukua chaki, akaanza kuandika kwenye mlango: mbao, gundi, skurubu, msasa, vanishi, sponji, vifungo, kodi, usafiri. Nikamwambia aongeze fundi. Akaongeza fundi. Nikamwambia aongeze mshonaji, naye anakula. Alipojumlisha akarudi nyuma hatua moja. Kila kitanda tulichouza kwa furaha tulikuwa tumemwongezea mteja hela yetu juu yake, na hela hiyo haikuwa yetu, ilikuwa ya mteja wa nyuma yake. Kadiri tulivyopata wateja ndivyo shimo lilivyokwenda chini. Hatukuwahi kuliona kwa sababu kila wiki mtu mpya alikuja na advansi akalifunika. Faida iliyonunua kiwanja haikuwahi kuwepo. Kiwanja changu, na jiko langu lenye mlango wa kuelekea mashariki, vilikuwa vitanda vya Mwalimu.

Tukiwa tumesimama hapo simu yake ikaita. Kijana mmoja alitaka kabati kubwa la milango mitatu, na nusu ya hela alikuwa tayari kuituma dakika ileile. Nilimwona mume wangu anavyobadilika. Macho yalipata uhai. Akaziba simu kwa kiganja, akaniambia kwa haraka kwamba hela hiyo ikiingia leo, kesho mbao za Mwalimu zipo, kazi inaisha, kiwanja kinabaki, hakuna atakayejua.

"Na wa kabati utamnunulia mbao kwa hela ya nani?" nikamuuliza.

Akafungua mdomo kujibu. Jibu alikuwa nalo, najua, maana jibu hilo ndilo lililotulisha mwaka mzima. Alisimama na simu kiganjani, sauti ya kijana ikisikika ndani, haloo, haloo. Nilitaka aseme ndiyo. Naliandika hili kwa sababu watu hunisifu kwamba nilikuwa na msimamo: nilipokuwa namuuliza lile swali, moyo wangu ulikuwa umeshika kiwanja kwa mikono miwili. Akaondoa kiganja, akamwambia kijana kwamba ana kazi nyingi, atafute fundi mwingine kwa sasa. Kisha akatoka nje kwa mlango wa mbele.

Kesho yake tukaenda kwa yule bwana wa viwanja. Alitupokea vizuri tulipokuwa wateja, na alitupokea vizuri zaidi tulipokuwa na shida. Alirudisha hela yetu baada ya kukata ya usumbufu, ya karatasi, na nyingine ambayo aliitaja haraka sana. Mume wangu alitia sahihi amesimama. Mimi sikwenda kukiaga kiwanja. Nilitaka, nikajizuia, maana najijua, ningefika pale ningeketi kwenye nyasi na wangehitaji kuninyanyua.

Mbao tulinunua za kutosha kwa taslimu, na mwenye duka akazihesabu hela mara mbili kwa mshangao. Tukaanza kazi. Nimemwona mume wangu akifanya kazi miaka mingi, lakini sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi huku anajua anakula hasara. Kila ubao aliokata alijua thamani yake. Nilidhani atarahisisha, apunguze skurubu, akwepe msasa wa pili, nani angemlaumu? Hakupunguza kitu. Aliniudhi, kusema kweli. Nilikuwa napiga msasa upande wangu huku nahesabu kimoyomoyo kila kitanda kinavyotuchukulia hela, na yeye ananiita nishike taa nione kama kiungo kimekaa sawa. Pikapu ya bluu ilikuja mara moja. Mume wangu akamtajia dereva bei mpya, ile ya mlangoni. Dereva akacheka kidogo, akageuza gari, hakurudi tena. Simu nazo zikapungua. Watu walisema fundi amevimba kichwa.

Vitanda tukavipeleka hosteli siku mbili kabla ya chuo, na kuviunganisha hukohuko, chumba baada ya chumba. Wasichana wa kwanza walikuwa wamefika na mabegi yao, wanasubiri ukumbini. Mwalimu alipita na sisi kila chumba. Alitikisa kila kitanda kwa mikono yote miwili, na cha mwisho akavua viatu akapanda ngazi na kulala juu, na gauni lake refu na umri wake, akitazama dari. Aliposhuka alisema tu kwamba ni vizuri. Akamlipa mume wangu kile kidogo kilichobaki. Kisha akasema kuna chumba cha uani amekisafisha, anataka vitatu zaidi, kwa bei ileile.

Nikaangalia sakafu. Wateja wa nyuma tulishawamaliza, na kibandani hatukuwa na oda mpya hata moja. Nilijua mume wangu hajawahi katika maisha yake kumwacha mteja mwenye hela aondoke.

"Mwalimu, kwa ile bei siwezi," akasema. Akamtajia mpya. Akairudia mara ya pili. Akamweleza kwamba ile ya kwanza alikosea, ilikuwa haifiki hata ya mbao.

Mwalimu akamtazama. "Ulijua lini?"

"Kabla sijaviunga hivi."

"Ukaviunga."

"Nilishachukua hela yako."

Akainama kufunga viatu. Nilijitayarisha kwa lolote, hata kwa kuambiwa tutoke. Akauliza kwa nini hakumwambia bei ya kweli tangu siku ya kwanza. Mume wangu akajibu kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa, kwamba aliogopa. Bosi yupo barabarani na uwanja na mashine, yeye yupo kwenye mabati. Asingepunguza bei, nani angemfuata?

"Kwa Bosi nilianza," Mwalimu akasema. "Nililala juu ya kitanda chake kama nilivyolala hapa. Nikauliza nani amekiunga, mlinzi wake akaniambia fundi huyo hayupo tena, yuko kwenye kibanda huko nyuma. Nikakutafuta wewe kwa siku nzima. Hela niliyokuja nayo ilikuwa ya bei ya Bosi, yote, ilikuwa mkobani. Uliponitajia yako nikadhani umenionea huruma, mama mzee. Iliyobaki nikanunulia magodoro."

Kisha akasema vile vitatu anavitaka, kwa bei mpya, nusu atatuma Ijumaa. Akatuaga kwa heshima na kwenda kuwaita wasichana. Wakaingia kwa fujo, wakaanza kugombania nani alale juu na nani chini, na magodoro mapya yakawa yanapita karibu yetu, bado yako kwenye nailoni.

Tulibeba sanduku la vifaa, yeye mkono mmoja wa sanduku na mimi mwingine. Tukavuka geti.

"Ilikuwa mkobani," akasema.

"Nimesikia."

Tukatembea kidogo.

"Mkobani, mama watoto. Pale pale mbele yangu."

Nikabadilisha mkono, maana sanduku lilikuwa zito, tukaendelea.